Jiwe lenye fuvu huko Appin: je, akina Livingstone waliolala pale ni ndugu zetu?

*"Mimi ni muuguzi Mkenya, naishi Glasgow na familia yangu. Babu mzaa baba alibatizwa Thogoto, kwenye misheni ya Waskoti huko Kikuyu, miaka ya 1920 akapewa jina Livingstone. Watoto wake walilichukua likawa jina la ukoo, na mpaka leo vitambulisho vyetu vyote vina Livingstone. Majuzi tulitembelea makaburi ya kanisa la kale upande wa Appin, Argyll, magharibi mwa Uskoti. Tulikuta jiwe limelala, limeota ukoga, lina fuvu la kichwa, mifupa miwili iliyopishana na saa ya mchanga. Lina herufi D L na M C, na mwaka unaoanza na 17 na kuishia na 4. Tarakimu ya tatu haisomeki. Mawe ya karibu yake, mapya kidogo, yameandikwa Livingston bila e, na moja limeandikwa M'Leay. Mwenzangu kazini anasema fuvu ni alama ya maharamia au ya tauni. Mchungaji wetu nyumbani alitufundisha kwamba jina letu ni lile 'jiwe lililo hai' la Waraka wa Petro. Duka la watalii limetuuzia nembo ya ukoo na skafu ya tartani yetu, kile kitambaa cha mirabaraba cha Waskoti. Binti yangu ananiuliza kila siku kama wale waliolala pale ni ndugu zetu. Je, nirudi na brashi na jiki nilisafishe jiwe nilisome? Nipime DNA?"*

Ndugu yangu, maswali yako ni mengi lakini wasiwasi ninaousikia ndani yake ni mmoja: jina hili ni lenu, au mnatembea na la watu? Nikujibu kwa ufupi kwanza. Katika yote uliyoandika, hakuna linaloonyesha kwamba huyo D L ni ndugu yenu wa damu. Lakini yeye naye, kama kweli alikuwa Livingston, huenda wazee wake hawakuwa na jina hilo hata kidogo. Walikuwa na jina lao la Kigaeli, na Livingstone ikaja kuwekwa juu yake, vilevile ilivyowekwa juu ya jina la babu yako kule Thogoto. Hilo ndilo nitakalolieleza, na jiwe tulishughulikie kwanza kwa kuwa ndilo lililowashtua.

Fuvu halihusiani na maharamia wala tauni. Katika makaburi ya Uskoti ya karne ya 17 na ya 18 fuvu na mifupa ni mapambo ya kawaida, hata juu ya mkulima mcha Mungu au mzee wa kanisa. Baada ya Matengenezo ya Kanisa ya mwaka 1560 Waskoti waliofuata mafundisho mapya waliacha kuwaombea wafu, na misalaba na sanamu za watakatifu zikahesabiwa kuwa mambo ya Kirumi. Fundi wa mawe akawa amebakiwa na kifo chenyewe cha kuchonga: fuvu, mifupa, saa ya mchanga inayokwisha, jeneza, sepeto la mchimba kaburi, kengele iliyopigwa mbele ya maiti. Mara nyingi upande wa juu kuna uso mdogo wenye mabawa, ambao ni roho inayopaa, na pengine maneno ya Kilatini *memento mori*, yaani kumbuka kwamba utakufa. Watu wengi hawakujua kusoma, lakini kila mmoja aliielewa picha. Maharamia walichukua alama ambayo dunia yao yote ilikuwa inaijua tayari.

Mkirudi, angalieni kama kuna zana za kazi zilizochongwa pembeni au upande wa nyuma. Nyundo yenye taji juu yake ni ya mhunzi. Mkasi ni wa mshonaji, bikari na pembemraba ni vya seremala, vyuma vya plau ni vya mkulima. Zana hizo ni mali kwa mtafiti, kwa sababu katika parishi moja ya Argyll unaweza kukuta akina Donald watano wenye jina moja la ukoo, na kinachowatenganisha ni kazi tu.

Herufi D L na M C karibu kwa hakika ni mume na mke. Mwanamke wa Kiskoti wa zama zile hakupoteza jina la baba yake kwa kuolewa. Sheria ilimtambua kwa jina alilozaliwa nalo na jiwe lilimwandika hivyo hivyo, kwa hiyo usimtafute M Livingston. Mtafute M mwenye jina la C. Upande ule akina Carmichael, Cameron na Campbell ni wengi, lakini itazame vizuri hiyo C. Kama ni ndogo na imeinuliwa kidogo, huenda ni Mc, mwanzo wa jina ambalo fundi hakupata nafasi ya kulimalizia. Hapa pia nikuondolee dhana moja utakayoisikia sana, kwamba Mac ni ya Kiskoti na Mc ni ya Kiairishi. Mac, Mc na M' ni neno moja, mwana, lililofupishwa kadiri ya nafasi na mkono wa mwandishi.

Sasa upande wa mume. Mtu wa ukoo wa MacLeay, jina la Kigaeli ambalo huko liligeuzwa kuwa Livingston, mara nyingi angeandikwa D M au D M L. Hapa hakuna M, na hiyo ni dalili kwamba kufikia mwaka huo alikuwa anatumia Livingston, ingawa herufi mbili haziwezi kubeba ushahidi mzito kiasi hicho. L ingeweza kuwa Lamont. Kinachonifanya niegemee upande wa Livingston ni majirani zake. Familia ilikuwa na kipande chake cha ardhi makaburini na ilizika hapo vizazi kwa vizazi, kwa hiyo jiwe lililozungukwa na akina Livingston na M'Leay lina uwezekano mkubwa wa kuwa lao.

Na mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka wa kifo. Mwenye nyumba aliweza kuweka jiwe akiwa hai, ili ijulikane kwamba mahali hapo ni pa watu wake. Makosa na tofauti za tarehe makaburini ni jambo la kawaida, na mfano mzuri ni wa Dkt. David Livingstone mwenyewe, yule mmisionari. Alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, moyo wake ulizikwa chini ya mti na Jacob Wainwright, mmoja wa watumishi wake, akachonga maandishi kwenye shina. Mti ule uliandikwa tarehe 4 Mei. Jiwe lake ndani ya Westminster Abbey, London, linasema alikufa tarehe 1 Mei. Ni mtu mmoja na kifo kimoja, mti unasema lake na jiwe linasema lake. Ikiwa mtu maarufu kiasi kile ana tarehe mbili, huyo D L usimshikilie sana kwa tarakimu zake.

Jina lenyewe lina asili mbili zisizohusiana, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Samahani kwa mchungaji wenu, lakini Waraka wa Petro hauhusiki katika asili yoyote kati ya hizo.

Asili ya kwanza iko magharibi ya Edinburgh. Katika enzi ya Mfalme David I, aliyetawala mwaka 1124 hadi 1153, kulikuwa na mwenye ardhi aliyeitwa Leving, na hati za Kilatini zikaiita ardhi yake Villa Leving. Kwa lugha ya wenyeji ikawa *Leving's tun*, yaani boma au shamba la Leving, kama sisi tunavyosema Kwa Njenga hata Njenga mwenyewe akiwa amekwisha kusahaulika. Hiyo s ya katikati ilipogandana na *tun* ndipo sikio likaanza kusikia neno la Kiingereza la jiwe. Jiwe halikuwemo. Mji wa Livingston upo mpaka leo. Waliomiliki ardhi hiyo walijiita kwa jina lake, wakapanda vyeo. Sir Alexander Livingston wa Callendar alikuwa na nguvu kubwa katika ufalme James II alipokuwa mtoto, na Mary Livingston alikuwa mmoja wa wale wasichana wanne walioitwa Mary waliomhudumia Malkia Mary wa Uskoti. Hata hivyo si kila Livingston wa nyanda za chini ni wa damu ya wakubwa hao. Mkulima aliyehama kutoka kijiji hicho naye aliweza kuitwa kwa jina la alikotoka.

Asili ya pili ni ya huko mlikokwenda, Appin na kisiwa cha Lismore kilicho mkabala wake. Watu wa huko walizungumza Kigaeli, na ukoo wao uliandikwa kwa namna nyingi: MacLeay, MacLea, M'Onlea. Juu ya chanzo chake kuna maelezo mawili yanayoshindana. Moja linasema ni *Mac an Lèigh*, mwana wa tabibu. Jingine linasema ni *Mac Dhuinnshléibhe*, mwana wa Donn Sléibhe, jina la kale lenye mizizi Ireland ya kaskazini. Mimi nayaacha yote mawili mezani, ingawa nakiri kwamba la tabibu linapendeza ukikumbuka kazi ya Dkt. Livingstone. Kinachojulikana kwa maandishi ni kwamba tawi la ukoo huu huko Lismore lilikuwa walinzi wa fimbo ya Mtakatifu Moluag, mtawa wa karne ya 6, na ipo hati ya mwaka 1544 inayowathibitishia ardhi yao kwa sababu ya kuitunza fimbo hiyo. Wenye dhamana hiyo leo wanaitwa Livingstone wa Bachuil.

Mwana wa tabibu amekuwaje Livingstone? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba katikati ya karne ya 17 bwana mmoja wa nyanda za chini, Sir James Livingstone wa Skirling, alikodishwa ardhi za dayosisi ya Argyll na Visiwa, na wapangaji wake wakaanza kujiita kwa jina lake. Iwe hivyo au la, utaratibu wenyewe ulikuwa wa kawaida. Karani wa mkataba, mchungaji mwenye rejista na msimamizi wa shamba waliandika Kiingereza. Jina la Kigaeli likiwashinda ulimi walichagua la Kiingereza lililokaribiana nalo kwa sauti, au la mkubwa wa mahali. Kwa vizazi kadhaa mtu mmoja aliweza kuwa MacLeay nyumbani na Livingston kwenye karatasi. Ndiyo maana mmekuta majina yote mawili katika eneo moja la makaburi. Yanaweza kabisa kuwa ya binamu, au ya baba na mwana.

Wapo waliobadilishiwa jina kwa ukali zaidi. Ukoo wa MacGregor ulipigwa marufuku kutumia jina lake mwaka 1603, ukaruhusiwa, ukapigwa marufuku tena, na sheria ya mwisho ilifutwa mwaka 1774. Katikati ya miaka hiyo wakajiita Drummond, Graham, Murray, Campbell, na wengine hawakurudi tena. Kwa hiyo Mskoti anayekuonyesha jina lake kama ushahidi wa damu, mpe chai umsikilize, lakini usiandike chochote.

Hiyo e ya mwisho nayo isikusumbue. David Livingstone na baba yake waliandika Livingston bila e kwa miaka mingi, kisha wakairudisha katika miaka ya 1850. Tahajia haikuwa imefungwa, na ndugu wawili waliweza kuandikwa tofauti katika kitabu kimoja.

Na huyu Dkt. Livingstone ndiye kiungo chenu. Alizaliwa Blantyre, karibu na Glasgow, mwaka 1813, lakini babu yake alitoka Ulva, kisiwa kidogo kilicho ubavuni mwa kisiwa cha Mull. Alihamia Blantyre mwishoni mwa karne ya 18 kutafuta kazi katika kiwanda cha pamba. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba baba wa babu huyo aliuawa katika vita vya Culloden, vya mwaka 1746, akiwapigania wafalme wa zamani. Akina Livingstone wa Appin walikuwa huko pia, chini ya bendera ya akina Stewart wa Appin, na inasimuliwa kwamba Livingstone mmoja ndiye aliyeiokoa bendera hiyo. Hivyo jina la mmisionari linaelekea kutoka upande huu wa Kigaeli kuliko kwa yule Leving wa Edinburgh. Kisha, baada ya kifo chake, likageuka kuwa jina la ubatizo kutoka Malawi hadi Kenya. Yeye hakufika Thogoto. Wamisionari wa Kiskoti walioanza Kibwezi mwaka 1891 wakahamia Kikuyu mwaka 1898 ndio waliokuja na sifa zake, na jina Thogoto lenyewe ni Uskoti katika matamshi ya Kigikuyu.

Ndiyo safari ya jina lenu: kutoka watu wa Argyll waliolivaa juu ya jina la Kigaeli, mpaka kwa mtoto wa kiwanda cha pamba, mpaka kwa babu yako aliyelivaa juu ya jina la Kigikuyu. Jacob Wainwright aliyechonga ule mti ni wa mkondo huo huo. Alikuwa Myao, akaokolewa kutoka katika biashara ya watumwa, akasomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, India, na jina la Wainwright akalipata mikononi mwa wamisionari. Alimsindikiza Livingstone mpaka kaburini Westminster, na hakuna aliyemdai nasaba. Mkondo mwingine, mchungu zaidi, ni wa Karibi. Jamaika imejaa majina ya Kiskoti kwa sababu Waskoti walimiliki na kusimamia mashamba ya watumwa huko. Bunny Wailer, mwenzake Bob Marley, alizaliwa Neville Livingston. Kwa familia kama hizo swali la damu lina uzito mwingine kabisa, maana jina liliweza kuja na mwenye shamba, na mara nyingine damu yake ikaja pia bila hiari ya mama. Kwa babu wa Thogoto wa miaka ya 1920, jina lilikuja na maji ya ubatizo.

Kuhusu duka la watalii nitakuwa mfupi, maana pesa imekwisha kwenda. Tartani hainidhuru wala haikudhuru wewe. Hakuna sheria ya Uskoti inayokuzuia kuvaa ya mtu yeyote. Wazo kwamba kila jina lina kitambaa chake tangu enzi na enzi lilikomaa karne ya 19, hasa Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822 na kila mkubwa akataka kuonekana na yake. Vaa skafu yako, baridi ya Glasgow ni ya kweli. Nembo ni jambo jingine. Hakuna nembo ya jina. Nembo ni mali ya mtu mmoja aliyepewa, na baada yake mrithi wake, na Uskoti ina ofisi na mahakama ya kusimamia hilo, ya Lord Lyon, yenye rejista iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1672. Ikiwa ukutani sebuleni hakuna neno. Usiiweke kwenye kadi za harusi au barua za biashara.

Sasa lile nililotaka kulisema kwa sauti: jiki na brashi ya waya viache nyumbani. Jiwe lina vinyweleo. Jiki huingia humo na kuacha chumvi, chumvi hukauka na kutanuka, na uso wa jiwe hubanduka kwa maganda baada ya wewe kuondoka, pamoja na herufi zenyewe. Brashi ya waya hukwangua ncha za herufi na kuacha chembe za chuma zinazoota kutu. Chaki, unga na povu la kunyolea, ambavyo watu hushauriana mitandaoni, navyo vina madhara yake. Hata kulazimisha ukoga ubanduke kwa kucha kunaweza kuondoka na tabaka la jiwe lililo chini yake. Isitoshe, makaburi mengi ya makanisa ya zamani Uskoti yalikabidhiwa kwa serikali za mitaa kufuatia sheria ya mwaka 1925, na baadhi yanalindwa kama mambo ya kale. Kuliharibu jiwe kama hilo kunaweza kukufikisha mahakamani.

Unachohitaji ni kivuli. Herufi ya jiweni huonekana kwa sababu ya kivuli kilicho ndani ya mchongo wake, na siku ya mawingu, ambazo Argyll hazikosekani, kivuli hakipo. Nenda jioni kabisa na tochi yenye nguvu. Uishike chini, karibu ilingane na uso wa jiwe, huku mwenzako akipiga picha kutoka juu. Izungushe tochi upande huu na huu, kwa kuwa mstari unaopotea mwanga ukitoka kushoto huibuka ukitoka juu. Mchana wa jua, kioo cha kawaida kinaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Unaweza pia kupiga picha nyingi zinazopishana kuzunguka jiwe lote na kuzitia katika programu ya kutengeneza umbo la pande tatu. Halafu kwenye kompyuta unaondoa rangi zote, ukoga ukatoweka, zikabaki bonde na kilima cha mchongo. Kama jiwe ni la aina ya sleti una bahati. Machimbo ya Ballachulish, kaskazini tu ya Appin, yalianza miaka ya 1690, na sleti hushika herufi kuliko jiwe la mchanga. Kiangazi usiku huchelewa sana huko, kwa hiyo jipakeni dawa ya visubi, la sivyo hamtasoma hata tarakimu moja.

Tarakimu hiyo ya tatu ina thamani. 1744 ni kabla ya Culloden, na 1754 au 1784 ni dunia nyingine.

Binti yako asiegemee wala kupanda mawe yaliyosimama. Mwaka 2015 mtoto wa miaka minane aliuawa na jiwe la kaburi lililomwangukia katika makaburi ya Craigton, hapo hapo Glasgow. Mkiona jiwe limeinama au linacheza, waarifuni halmashauri ya Argyll and Bute, na msijaribu kulisimamisha wenyewe.

DNA, kwa maoni yangu, inaweza kungoja. Kipimo cha kromosomu Y hufuata baba kwa baba. Waskoti wengi wana kundi la R1b, na wanaume wa jamii za Kibantu wengi wana kundi la E, kwa hiyo kingekuambia tu kile rejista ya ubatizo inachokwambia bure. Na kwa jina lenye asili mbili au zaidi, hata Waskoti wawili wanaoitwa Livingstone wanaweza kupimwa wakakutwa hawana udugu wowote. Hali ingebadilika kama kuna mnong'ono wa kweli ndani ya familia kwamba mzazi wa babu alikuwa Mzungu. Hapo kipimo cha kawaida cha vinasaba vyote kingeonyesha, kwa wastani, kama asilimia 12.5 kwako. Ukiamua kupima, zungumza kwanza na ndugu zako, maana majibu yatawahusu na wao, na wakati mwingine kinachojitokeza ni siri ya shangazi na wala si ya Mskoti. Mtoto usimpime. Mwache akue aamue mwenyewe juu ya taarifa za mwili wake.

Kwa upande wa karatasi za Uskoti, tovuti ya ScotlandsPeople ndiyo ya kuanzia. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Januari 1855, na vyeti vya mwaka huo wa kwanza vina habari nyingi kuliko vya miaka iliyofuata. Kabla ya hapo kuna vitabu vya parishi, na hapo uwe na subira. Maziko mengi hayakuandikwa kabisa, na kati ya mwaka 1783 na 1794 kila ingizo lilitozwa kodi ya peni tatu, maskini wakaona heri kunyamaza. Kumpata D L kwa herufi mbili tu ni kazi ngumu. Kabla hujachoka, ulizia maktaba ya Scottish Genealogy Society, Edinburgh. Watu wa vyama vya historia ya familia wamezunguka makaburi mengi ya zamani na kunakili maandishi yake, na huenda jiwe lako lilisomwa wakati tarakimu ya tatu bado ipo.

Desturi moja itakusaidia, nawe utaitambua mara moja. Waskoti wengi walimpa mtoto wa kiume wa kwanza jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, sawa na Wagikuyu. Tofauti iko kwa mabinti: wa kwanza kwao alifuata bibi mzaa mama, kwa Wagikuyu anafuata bibi mzaa baba. Ukijua hivyo, majina ya watoto wa familia moja yanakuonyesha majina ya vizazi viwili nyuma.

Lakini utafiti wenye matumaini zaidi kwako uko Kikuyu. Rejista ya ubatizo ya misheni mara nyingi huandika jina la zamani, jina jipya, jina la baba, tarehe na aliyebatiza. Uliza pia kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa, lile ambalo PCEA, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, mpaka leo wanaliita kirk session, kwa sababu Waskoti walileta Thogoto utaratibu ule ule wa vitabu ulioandika habari za watu wa Appin. Mwaka 1929, katika mgogoro wa tohara ya wanawake, wengi waliondoka au waliondolewa katika ushirika, kwa hiyo ukikuta jina la babu limepigwa mstari usishtuke. Ni sehemu ya historia yake. Kama kuna mtu ametunza kipande chake, kile kitambulisho cha enzi za ukoloni, kinaweza kukupa jina kama alivyolitaja mwenyewe. Barua na ripoti nyingi za misheni ziko katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, safari fupi ya treni kutoka kwako, na hapo nakushauri uende mwenyewe uzungumze na wahudumu badala ya kutegemea mtandao.

Binti yako mjibu kwamba wale si ndugu wa damu kwa kadiri tunavyojua, na kwamba wao pia waliitwa kitu kingine kabla ya kuitwa Livingston. Anaweza kuwaombea, kuwatembelea na kuwapigia picha. Haki hiyo haihitaji nembo.

Kabla ya kuandika barua hata moja, mpigie simu mzee aliyebaki upande wa baba. Muulize babu aliitwa nani kabla ya kubatizwa, baba yake aliitwa nani, mbari gani, na walitoka kijiji gani kwenda Thogoto. Mhudumu wa ofisi ya kanisa atampata babu haraka akiwa na jina la zamani na mwaka wa kukisia. Ukimpelekea Livingstone peke yake utamtesa, maana katika vitabu vya miaka ile babu yako hakuwa Livingstone pekee.